Mikindani si mahame

Picha za Mikindani, mji mkongwe wa pwani karibu na Mtwara, zinazosambaa mitandaoni karibu zote zimepigwa alfajiri. Ukuta wa matumbawe uliomeguka, mlango wa nakshi, mti umeota dirishani, mtu hata mmoja hakuna. Ni nzuri, sibishi. Ila mgeni akizitazama ataamini mji umehamwa. Nenda saa nne asubuhi uone: utapisha bodaboda, utaitwa ununue samaki, na ndani ya hilo linaloitwa gofu kuna mtu kafunga chandarua chake na kuanika nguo.

Mitaa mitupu ina asili yake katika upigaji picha. Charles Marville, aliyeajiriwa na jiji la Paris miaka ya 1860 kupiga vichochoro kabla havijabomolewa kupisha barabara pana, alinasa picha kwenye vipande vya vioo vilivyopakwa dawa, vilivyotaka mwanga kwa muda. Aliyekuwa akitembea aliambulia ukungu, au hakuonekana kabisa. Yeye chombo kilimshinda. Leo simu ya kawaida inamnasa bodaboda akiwa mbioni, kwa hiyo anayepiga Mikindani bila watu ama aliwasubiri wapite, ama aliwahi kuamka.

Nami naona uamuzi huo si mdogo. Unamwambia mtazamaji kwamba hapa hakuna wa kuulizwa. Mji ukishaonekana hauna wenyewe, mwenye mpango wa kuubomoa ampigie nani hodi?

Mtwara mjini ugonjwa ni mwingine: droni. Bandari, matangi, mabati yanayometa, basi. Nakiri droni inaeleza jambo moja vizuri, nalo ni ule upana wa mji. Waingereza waliupanga mwishoni mwa miaka ya 1940, wakitarajia karanga za Nachingwea zishuke kwa reli hadi kwenye bandari yenye kina. Mradi wa karanga ukaanguka, reli ikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, na uwazi ukabaki kati ya mitaa. Lakini miaka ya matumaini ya gesi asilia ya Mtwara huioni kutoka angani. Nyumba za wageni ziliota kila kona. Zikaja vurugu za 2013 kuhusu bomba la kupeleka gesi hiyo Dar es Salaam. 2015 bomba lenyewe likazinduliwa, gesi ikaenda. Ukitaka kujua wenye nyumba zile walipata nini, kasome vibao vyao vilivyopauka, na kibao husomwa ukiwa umesimama mlangoni.

Jambo jingine linaloniudhi ni maelezo yanayoandikwa chini ya picha. Berenice Abbott, mpiga picha wa Marekani, alipopiga New York miaka ya 1930, walikuwepo watafiti wa kukusanya habari za majengo aliyoyapiga. Sisi tunaandika “Lindi ya zamani” tukamaliza. Ya mwaka gani? Mtaa upi? Kamera imeelekea baharini au bara?

Wenye majibu wapo hai, na wanasubiri kuulizwa tu. Picha ya namna hiyo ukiiweka mbele ya wazee barazani, Lindi, hawatasema “inapendeza”. Watabishana: duka hili la nani, mwembe huu ulikatwa lini, hapa ni kabla au baada ya kimbunga cha 1952. Mmoja atasimama kuonesha kwa mkono. Mpiga picha akae hapo na daftari, aandike hata wanayopingana, kisha arudi kupiga kona ileile msimu wa korosho, saa sita mchana, watu wakiwamo.