Gemu Imepangwa, Kura Je?

Ukikaa nusu saa kwenye kibanda cha gemu hapa mtaa wa Umoja, Nairobi, lazima utamsikia mtu akitangaza kwamba gemu imepangwa. Kwa kawaida ni yule aliyetangulia kwa mabao mawili, akarudishiwa yote, kisha akafungwa la tatu dakika ya tisini kwa mpira uliompita kipa kama vile kipa hayupo. "Buda, hii kitu imeandikwa," anasema, na padi inarushwa kwenye kochi. Mchezo wenyewe sisi bado tunauita FIFA, ingawa EA, kampuni inayoutengeneza, iliachana na jina hilo mwaka 2023. Wachezaji wake wameamini kwa miaka mingi kwamba ndani kuna mkono unaomwinua anayeshindwa ili mechi inoge. EA imekana mara nyingi. Kibandani kukana huko hakuna uzito wowote, kwa sababu hakuna anayeweza kufungua mashine akaangalia.

Wanachofanya ni kubadilishana padi, halafu wanabadilishana timu. Wakikosa jibu wanalipa mbao nyingine na kuendelea, maana hasara ya kudanganywa ni shilingi ishirini na hasira za dakika tano.

Jioni moja maneno yaligeukia uchaguzi mkuu wa 2027. Kijana mmoja aliyekuwa akingoja zamu alisema hivi: "Nakopa kwa simu, nalipa stima kwa simu, hata cheti cha kuzaliwa cha mtoto nimekiomba kwa simu. Kwa nini nipange foleni saa kumi na moja alfajiri ndiyo nipakwe wino?" Mzee mmoja, fundi wa redio aliyekuja kumtafuta mwanawe, akamjibu kutoka mlangoni: "Kijana wangu, hata gemu hamwiamini, na sasa mnataka kuipa kura?" Kibanda kilicheka. Mimi nilienda nyumbani nikiona kwamba wote wawili wana hoja, na kwamba walikuwa wanazungumza juu ya vitu viwili tofauti.

Maana Kenya haijawahi kupiga kura ya kielektroniki katika uchaguzi mkuu. Tunapiga kwa karatasi sita, kalamu na masanduku sita. Mashine iko kwenye ncha mbili tu za safari hiyo. Mwanzoni mtambo wa KIEMS unakutambua kwa alama za vidole, na mwishoni mtambo huohuo unapiga picha ya Fomu 34A, karatasi ya matokeo ya kituo, na kuituma. Hapo katikati uko wewe na kalamu yako.

Ncha hizo hazikuwekwa kwa kupenda vifaa vipya. Uchaguzi wa Desemba 2007 ulikuwa wa karatasi mwanzo mwisho, na mwenyekiti wa tume ya uchaguzi wa wakati huo, Samuel Kivuitu, alikuja kusema kwamba hajui kama Mwai Kibaki alishinda. Watu zaidi ya 1,100 walikufa katika ghasia zilizofuata. Tume iliyoongozwa na Jaji Johann Kriegler wa Afrika Kusini ilichunguza na mwaka 2008 ikapendekeza, pamoja na mengine, mfumo salama wa kujumlisha na kutuma matokeo. Kwa hiyo anayeapa kwamba karatasi pekee haidanganyi, amesahau kule tulikotoka.

Mashine nazo zilipokuja, zilikuja na vituko vyake. Machi 2013 vifaa vya kutambua wapiga kura vilizima katika vituo vingi, betri zikiisha kwenye shule zisizo na umeme. Kwenye skrini za ukumbi wa Bomas, ambako matokeo ya kitaifa hujumlishwa, kura zilizoharibika zikavimba ajabu, mpaka tume ikaeleza kwamba programu ilikuwa ikizizidisha kwa nane. Mwaka 2017 ulikuwa mzito zaidi. Chris Msando, aliyesimamia teknolojia ya tume, aliuawa siku chache kabla ya kura. Raila Odinga akawaita waliotangazwa washindi "vifaranga vya kompyuta". Tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu chini ya Jaji Mkuu David Maraga ikafuta uchaguzi wa rais, na tume kukosa kufungua seva zake kama ilivyoagizwa kulichangia pakubwa. Tangu hapo "fungua seva" ni mzaha wa mji mzima. Hata mwanamume anayeficha simu yake mezani huambiwa hivyo na mkewe.

Pamoja na hayo, simcheki kijana wa foleni. Kura za urais zilizokataliwa mwaka 2022 zilizidi 113,000, na William Ruto alimshinda Raila kwa kura 233,211. Ni karibu nusu ya pengo, ikiwa imelala kwenye rundo la karatasi ambazo wenyewe walidhani wamechagua. Mashine isingemwacha mtu aondoke akiwa ameweka alama kwa wagombea wawili. Ingemwambia palepale arudie. Mfikirie pia asiyeona. Leo anaingia na msaidizi, na siri yake inakuwa ya watu wawili. Mashine yenye sauti masikioni ingempa kura yake mwenyewe kwa mara ya kwanza. Kisha kuna makarani wanaohesabu karatasi za nafasi sita hadi alfajiri kwa taa hafifu, halafu tunashangaa hesabu ikipinda. Hoja hizi mzee wa redio hakuzigusa, na sidhani angeweza kuziondoa kwa kicheko.

Hoja ya M-Pesa ndiyo inayotolewa zaidi, kwenye matatu na pale bustani ya Jeevanjee ambako watu hujadili serikali mchana kutwa, na ndiyo inayonisumbua. Kwamba mabilioni hupita kwenye simu kila siku bila mtu kulia, basi kura itashindwaje?

Tazama jinsi pesa zinavyotembea. Ukinitumia elfu moja, wewe unapata ujumbe na mimi napata ujumbe, wenye jina, kiasi na saa. Zikipotea, mmoja wetu atakuwa amepiga simu ya huduma kwa wateja kabla chai haijapoa. Tangu Machi 2007 hatukuiamini M-Pesa kwa kuielewa seva yake. Tuliiamini kwa sababu mwenye pesa anazijua pesa zake. Kura haina mwenyewe ikishatumbukia, na sharti iwe hivyo. Siku nitakayopata ujumbe wa "umempigia fulani", bosi wangu atataka kuuona, na yule aliyetugawia mia mbili mbili kwenye mkutano atataka kuuona kabla ya kutoa mia mbili nyingine. Basi shilingi ikihesabiwa vibaya yupo wa kulalamika. Kura ikihesabiwa vibaya ndani ya mashine, aliyeipiga amekwishafika nyumbani na wino wake kidoleni, akiwa ameridhika kabisa.

Estonia wamejaribu kulizunguka hilo. Wanapiga kura kwa intaneti tangu 2005, na katika uchaguzi wa bunge wa 2023 zaidi ya nusu ya kura zilipigwa hivyo. Mtu anaweza kurudia kura yake mara kadhaa na inayohesabiwa ni ya mwisho, kwa hiyo anayekununua leo hana uhakika wa kesho. Ni ujanja mzuri. Lakini ile ni nchi ya watu takriban milioni 1.3, ambako kitambulisho cha kidijitali kimekuwa kitu cha kila siku kwa miaka mingi. Sisi mwaka 2022 tulikuwa na wapiga kura waliosajiliwa milioni 22, na Julai 2023 mashambulizi ya mtandaoni yalilemaza eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa siku kadhaa. Aliyekosa kupata hati yake ya kusafiria siku ile alirudi baadaye. Uchaguzi haurudiwi wiki ijayo kwa sababu mtandao ulikuwa chini, au ukirudiwa, unarudiwa kama Oktoba 2017, na hakuna anayetaka kukumbushwa.

Watu wa gemu, bila kujua, wana ushahidi wao katika kesi hii. Mwaka 2006 kikundi cha Waholanzi waliotilia shaka mashine za kupigia kura za Nedap kiliambiwa kwamba mashine hizo hazina uwezo wa kufanya kitu kingine isipokuwa kuhesabu kura. Wakaipata moja, wakaifungua, wakaifanya icheze sataranji. Kufikia 2008 Uholanzi ilikuwa imerudi kwenye karatasi. Mwaka 2010 huko Marekani, watafiti wawili, Alex Halderman na Ariel Feldman, waliweka gemu ya Pac-Man ndani ya mashine ya kupigia kura ya Sequoia bila kuvunja zile lakiri zinazobandikwa kuonyesha kwamba haijaguswa. Ireland ilitumia zaidi ya euro milioni 50 kununua na kuhifadhi mashine kama zile za Uholanzi, ikazijaribu kidogo mwaka 2002, ikazifungia maghalani miaka kadhaa, na mwaka 2012 ikaziuza kama vyuma chakavu kwa takriban euro 70,000. Hata soko la Gikomba ungepata bei ya heshima zaidi.

Uamuzi ninaoupenda kuliko yote ni wa Ujerumani, Machi 2009. Baba na mwanawe walienda mahakamani kupinga mashine zilizotumika mwaka 2005, na Mahakama ya Katiba ikakubaliana nao. Haikusema kwamba kura ziliibwa. Ilisema mwananchi lazima aweze kukagua hatua muhimu za uchaguzi bila kuhitaji utaalamu wowote wa pekee. Ukiliweka kwa lugha ya kibandani: usiniambie nimefungwa tatu kwa mbili huku skrini umeizima.

Hata hivyo mashine si ushetani kila mahali. India ina wapiga kura karibu milioni 970, inatumia mashine nchi nzima tangu 2004, na huhesabu kwa siku moja. Lakini India pia iliongeza kisanduku kinachochapisha karatasi ndogo, mpiga kura akaiona kwa sekunde chache kabla haijadondoka, na baadhi ya karatasi hizo hulinganishwa na hesabu ya mashine. Brazil haina karatasi hiyo. Hupata matokeo kwa saa chache, na udanganyifu wa mashine haujathibitishwa. Bado Jair Bolsonaro, aliyekuwa rais wake, alizitilia shaka mpaka wafuasi wake wakavamia majengo ya serikali tarehe 8 Januari 2023. Shaka haikuhitaji wizi. Ilihitaji tu kwamba hakuna sanduku la kufungua mbele ya mwenye shaka.

Afrika iliyojaribu kwanza ni Namibia, mwaka 2014. Februari 2020 Mahakama ya Juu ya kule iliamua kwamba kutumia mashine bila karatasi ya ushahidi kulikiuka katiba, ila matokeo ya 2019 yakaachwa yasimame. Wakarudi kwenye karatasi. Mzee wa redio angeshangilia hapo, lakini asiharakishe: Novemba 2024 karatasi za kura ziliisha vituoni na upigaji kura ukaongezewa siku.

Nikilazimishwa kuchagua, mimi niko upande wa mzee kwenye sanduku na upande wa kijana kwenye ncha zake. Kilichonishawishi ni wiki ile ya Agosti 2022. Tume iliweka Fomu 34A za vituo zaidi ya 46,000 kwenye tovuti, yeyote azipakue. Vyombo vya habari vikawa na jumla zao, vijana wakawa na jumla zao kwenye simu za Tecno na Infinix, na mabishano ya baa yakahamia kwenye jedwali. Makamishna wanne kati ya saba wakayakana matokeo, nchi ikashika pumzi, lakini fomu zilikuwa pale zinasomeka. Mahakama ya Juu iliagiza masanduku ya vituo kadhaa yafunguliwe na kura zihesabiwe upya, kitu kisichowezekana ikiwa ndani hakuna karatasi. Tarehe 5 Septemba majaji wote saba wakauidhinisha ushindi wa Ruto. Aliyekuwa na shaka aliweza angalau kutaja kituo na kusema: linganisha hii na ile.

Hata ncha hizo zina mashimo. Picha ya fomu ni kweli kwa kadiri fomu yenyewe ilivyo kweli, na kituo kisicho na wakala wa upande wa pili ni kituo cha imani tupu. Alama za vidole za mtu wa mjengo au mama anayefua nguo za watu huwa zimelika, na mtambo unamkataa mbele ya majirani kana kwamba yeye ndiye mwizi. Mwaka 2022 mitambo ilifeli katika sehemu za Kakamega na Makueni, ikabidi sajili ya karatasi itolewe. Na mitambo ni ya kukodi akili: 2017 ilitoka kwa Safran ya Ufaransa, 2022 teknolojia ikawa ya Smartmatic, na kila mara mwenye ufunguo anakaa ng'ambo. Hapo ndipo ningetaka kelele zipigwe sasa, kabla ya tarehe 10 Agosti 2027, badala ya kusubiri usiku wa Bomas.

Niliporudi kibandani nilimweleza kijana habari ya Pac-Man. Akauliza kwanza kama ilikuwa inacheza vizuri. Kisha akasema foleni bado ni ujinga, lakini atapanga, na jioni atarudi kupiga picha ya fomu watakayobandika kwenye mlango wa darasa, kama simu itakuwa na chaji. Kisha akachukua padi, akafungwa nne, akasema imepangwa.