Parkinson na akili: familia iambiwe asilimia 83 au 9?

James Parkinson, tabibu wa London, alipoueleza ugonjwa huu mwaka 1817 aliandika kwamba fahamu na akili za mgonjwa hubaki salama. Madaktari wakalishika neno lake kwa muda mrefu, macho yote kwenye mikono inayotetemeka na miguu inayoburuzwa.

Watafiti wa Sydney, Australia, waliwafuatilia wagonjwa 136 tangu walipogunduliwa. Baada ya miaka 20 walikuwa hai 36 tu, na asilimia 83 ya waliosalia walikuwa na dimensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na akili. Wengi wao waliona maruweruwe pia. Hiyo ilikuwa ripoti ya mwaka 2008. Mwaka 2024 Marekani ikaja na hesabu nyepesi zaidi: katika kundi moja la wagonjwa 417, uwezekano wa kupata dimensia ndani ya miaka 10 ulikadiriwa kuwa asilimia 9.

Habari njema, basi? Kwa kiasi. Kundi hilo lilikuwa la watu wa miaka 62 kwa wastani, wengi wao wasomi waliojitolea kwa utafiti. Utafiti huohuo ulipima kundi jingine, la Pennsylvania, lenye wastani wa miaka 69. Huko ilikuwa asilimia 27 kwa miaka 10, 50 kwa miaka 15 na 74 kwa miaka 20. Ukifika miaka 20, Sydney na Pennsylvania haziko mbali hivyo. Kinachotofautisha takwimu hizi sana ni umri wa mgonjwa na muda aliougua.

Wapo wanaosema mgonjwa mpya asiambiwe lolote kuhusu akili. Kutetemeka kwenyewe kunamtosha. Nawaelewa. Lakini mwenye shamba na watoto wa mama wawili anahitaji kupanga mambo yake angali na kauli. Mimi ningemwambia, ila kwa miaka: mitano ijayo ina hatari ndogo, ishirini ijayo ni kubwa.

Kupima akili nako kuna mtego. Kipimo kinachomtaka mzee achore saa na mchemraba humwadhibu asiyewahi kushika kalamu. Ndiyo maana katika wilaya ya Hai, Kilimanjaro, watafiti walitengeneza kipimo chenye sehemu ya kupanga njiti za kiberiti. Ni Hai hiyohiyo ambako utafiti wa nyumba kwa nyumba uliwakuta wagonjwa 33 wa Parkinson kati ya wakazi 161,071, na zaidi ya robo tatu yao hawakuwa wamewahi kugunduliwa.

Halafu kuna jambo ambalo mabishano ya asilimia huliacha nje: tembe. Benzheksoli, dawa ya bei nafuu ya kutuliza mtetemo, huzuia asetilikolini, kemikali inayosaidia kumbukumbu, na ambayo ubongo wa mgonjwa huyu tayari unapungukiwa. Rivastigmini, inayotumika kutibu dimensia ya Parkinson, hufanya kinyume chake: huilinda isivunjwe upesi. Kwa hiyo mzee akianza kupotea njia ya msikitini, kabla hamjasema ugonjwa umepanda kichwani, pelekeni mfuko wake wa dawa kwa daktari. Msimwachishe wenyewe ghafla.