Joto la Saa Tisa

Hesabu yangu ilikuwa sahihi, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Nilisoma kwamba joto hupenya ukuta wa udongo polepole, kama sentimita 2.5 kwa saa. Nikashika kalamu: ukuta wa sentimita 30, saa 12. Nikamtangazia mke wangu, kwa sauti ya mtu aliyegundua moto, kwamba jua litachoka njiani kabla halijatufikia.

"Fundi anasemaje?"

"Fundi akandike. Hesabu aniachie mimi."

Fundi, mzee wa maneno machache, alitazama ninapotaka chumba cha kulala, akatazama magharibi, akatema mate pembeni. "Sawa, bosi."

Mchana wa kwanza tulikuwa peponi. Bati la jirani linalia pa! pa! kwa jua, sisi ndani kama tumekaa kivulini mwa mti. Niliita watu waje kuugusa ukuta. Wakaugusa. Jioni nikafunga madirisha yote ili ubaridi wangu usitoroke.

Sasa, jua la alasiri lilikuwa limeupiga ukuta ule saa tisa. Jumlisha 12.

Saa tisa usiku niliamka nimelowa jasho chapachapa. Nikapapasa ukuta gizani: wa moto, kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Paka alikuwa amejibandika pale mgongo mzima, anakoroma. Ndiye pekee aliyefaidi elimu yangu. Mke wangu alishachukua mkeka kitambo, yuko nje.

"Mtaalamu!" aliita. "Joto limefika salama?"

Asubuhi fundi hakucheka, jambo lililoniumiza zaidi. "Bosi, udongo hauzuii joto. Udongo ni kibubu, unaweka mchana, unavunjwa usiku. Cha kuzuia ni hewa iliyonaswa ndani ya mabua makavu, nayo inakaa upande wa nje, jua lisiufikie ukuta. Halafu usiku fungua madirisha, kibubu kipoe."

Mabua nikasema nitashughulikia mwenyewe. (Ndiyo, bado.) Nikayachovya kwenye tope jepesi kama uji, nikayashindilia nje ya ukuta unene wa sentimita 10. Fundi alipita akauliza kama nimeyapukuta mbegu. Nikamjibu kwamba hapa hatupandi ngano, tunajenga.

Tope lilichelewa kukauka. Siku ya sita ukuta ukaota. Majani mabichi, membamba, yamejipanga vizuri kuliko shamba lolote nililowahi kulima. Mke wangu aliuliza kama tuvune au tupake rangi.

Kabla sijajibu, mbuzi wa jirani alikuwa amekata kamba. Alikula majani, akang'oa mabua pamoja nayo, akatembea na ukuta kutoka kona hadi kona, kuanzia chini mpaka shingo yake ilipoishia.

Kutoka hapo kwenda juu, chumba kina ubaridi mzuri sana. Kitanda kiko chini.