Taa ya taimingi isiyo na nobu bado ina kazi

Anayeulizia taa ya taimingi, ile ya kumulika puli ya injini ili kuona cheche ya plagi inatokea wakati gani, ya kutumia nyumbani hapa Mwanza hupewa ushauri uleule kila anapogeuka: ongeza hela, chukua yenye nobu ya digrii na kioo cha namba. Ile bunduki ya kawaida, yenye klipu mbili za betri na moja ya waya wa plagi, huambiwa ni ya kizamani. Ushauri huo una pa kusimama, na tutafika hapo. Ila umeichukulia bei kuwa ndiyo usahihi, na kwa mwenye gari moja uani kwake hilo linaweza kumgharimu.

Wenye IST, Vitz na Passo wasisumbuke kabisa. Magari hayo hayana distributa (kifaa cha kugawa moto kwenye plagi), kila plagi ina koili yake, na taimingi inapangwa na kompyuta. Hata ukiiona haiko sawa, hakuna cha kulegeza. Taa ni ya wenye Corolla za injini 4A-FE na 5A-FE, Hiace na Hilux za kabureta, na jamii hiyo.

Chukua 4A-FE. Injini ipate moto kamili, AC na taa za gari zizimwe. Fungua kiboksi cha ukaguzi ndani ya boneti, unganisha matundu yaliyoandikwa TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Klipu ibane waya wa plagi ya silinda namba moja, ile ya upande wa puli, na mshale wake uelekee kwenye plagi. Mulika puli injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta: mkato wake unatakiwa usimame kwenye 10 ya mistari iliyochongwa kwenye kava, yaani digrii 10 kabla ya pistoni kufika juu. Haupo hapo? Legeza bolti za distributa kwa spana namba 12, izungushe taratibu, kaza, kisha mulika tena, kwa sababu kukaza peke yake huisogeza. Wengi huruka kile kipande cha waya. Hapo kompyuta inaendelea kusogeza taimingi yenyewe, mkato unacheza, na unachoseti kinakuwa kimekosewa tangu mwanzo. Kwenye kabureta kosa la aina hiyo ni kuacha mpira wa vakumu wa distributa bila kuuchomoa na kuuziba.

Katika kazi yote hiyo taa haikupiga hesabu yoyote. Cheche imepita, taa imewaka. Jibu umelisoma kwenye chuma cha injini yenyewe.

Taa ya nobu hufanya kazi kwa njia nyingine. Inapima muda kati ya cheche moja na nyingine, inauchukua muda huo kuwa mizunguko miwili ya kranki, yaani digrii 720 za injini ya mipigo minne, halafu inachelewesha mwanga kwa digrii ulizochagua mpaka mkato urudi kwenye sifuri. Kwenye Corolla ya distributa hesabu hiyo ni sahihi. Lakini huku ziwani mtu mwenye taa haachiwi kumulika Corolla tu. Kesho ataletewa injini ya boti kutoka Igombe au Kayenze, keshokutwa bodaboda. Injini ya boti ya mipigo miwili hutoa cheche kila mzunguko, digrii 360. Pikipiki nyingi za silinda moja zenye CDI (mfumo wa cheche wa kielektroniki) nazo hivyohivyo, ingawa ni za mipigo minne, kwa sababu kihisi chao kinasoma sumaku iliyo kwenye kranki. Taa haijui. Inagawa 360 kana kwamba ni 720, na kila inachoonyesha kinakuwa mara mbili: taimingi ni 20, kioo kinasema 40. Mwenye taa anashtuka, anairudisha nyuma mpaka kioo kisome 20, kumbe ameiacha kwenye 10. Boti inakosa nguvu, inakula mafuta, na lawama zinahamia kwenye kabureta ambayo haina kosa. Taa ya kawaida haiwezi kukosea namna hiyo. Inamulika kila cheche inapotokea, basi. (Mguu wa injini ya boti uwe ndani ya pipa la maji wakati wa kuipima, la sivyo mpira wa pampu unaungua.)

Sasa haki ya upande wa pili. Distributa ya zamani ina mawe, yaani vyuma vidogo vya uzito, ya kusogeza taimingi kadiri mizunguko inavyopanda, na mawe hayo hushika kutu. Kuyapima ni lazima upige resi mpaka mizunguko 2,500 au 3,000 kwa dakika, na hapo mkato unakuwa umeshapita mwisho wa mistari iliyochongwa kwenye kava. Nobu inalimaliza hilo kwa sekunde chache, na gereji ya Nyakato inayopokea magari matano kwa siku ingefanya vibaya kutokuwa nayo. Mwenye gari moja anaweza kupima puli mara moja tu. Ikiwa na kipenyo cha milimita 140, mzingo wake ni kama 440, digrii moja ni milimita 1.2, na digrii 30 ni karibu 37. Piga mstari wa rangi nyeupe umbali huo kutoka kwenye mkato, upande ambao puli inaelekea ikizunguka. Mstari huo ukisimama kwenye sifuri, una digrii 30.

Wapo pia wanaoseti kwa sikio. Sailensa hupanda unaposogeza taimingi mbele, kwa hiyo sikio daima hupenda kuzidisha. Na hapa linadanganywa zaidi: ziwa liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa ni pungufu kwa kama sehemu moja ya nane, na injini iliyozidishwa inaweza kukaa kimya. Ikishuka Dar es Salaam na mzigo ndipo inaanza kugonga.

Dukani, epuka taa za neoni zinazounganishwa moja kwa moja kwenye waya wa plagi. Mwanga wake unazidiwa na jua letu. Zenoni inatosha. Angalia uso wa klipu usiwe na ufa, na waya ziwe ndefu kiasi cha kukaa mbali na feni, kwani chini ya mwanga huo kinachozunguka huonekana kimesimama.

Anayeng'ang'ania nobu asikubali isiyo na swichi ya kuchagua mipigo miwili au minne. Na aijaribu kwenye Corolla iliyosetiwa 10, kipande cha waya kikiwa bado kwenye TE1 na E1: nobu ikiwa sifuri mkato usimame kwenye 10, nobu ikiwa 10 urudi kwenye sifuri. Visipokubaliana, airudishe siku hiyohiyo.