Salamu mpe konda, mzigo peleka mwenyewe

Juzi kati kijana mmoja hapa Moshi aliniita nimtazamie mfumo wa kuweka nafasi za wapanda mlima. Mgeni alikuwa amefungua vichupo viwili kwenye kivinjari: kimoja cha njia ya Marangu, siku tano, kingine cha Machame, siku saba. Alikuwa analinganisha bei tu. Akarudi kwenye kichupo cha Marangu, akabonyeza "Thibitisha". Mfumo ukamwandikia Machame.

Chaguo lake lilikuwa limewekwa kwenye sesheni, yaani kumbukumbu ya muda ambayo seva (kompyuta inayoendesha tovuti) humwekea kila mgeni, na sesheni ni moja kwa kivinjari kizima hata ukifungua vichupo kumi. Kilichoandikwa mwisho ndicho kilichobaki.

"Kaka, mbona ndivyo tulivyofundishwa?" Ni kweli, ndivyo tunavyofundishana. HTTP, lugha ambayo kivinjari na seva huzungumza, yenyewe haina kumbukumbu. Kila ombi linafika kwa seva kama mtu asiyejulikana. Mwaka 1994 Lou Montulli wa Netscape akabuni kuki, kipande kidogo cha maandishi ambacho seva inakipa kivinjari kikitunze na kukirudisha kwa kila ombi, ili kivinjari kiwe na cha kujitambulisha nacho. Juu yake tukajenga sesheni: kuki inabeba namba, mzigo unakaa kwa seva. Tangu hapo kila tunachokosa pa kukiweka tunakitupia humo, kama stoo ya bibi.

Kuna sehemu ya sesheni ninayoipenda, ile inayojifuta yenyewe. Kwenye vifaa vya kujengea tovuti, Rails wanaiita flash, ASP.NET wanaiita TempData. Mtu akituma fomu, seva inahifadhi kazi kisha inakiambia kivinjari, kwa jibu la 303, kiende kufungua ukurasa mwingine. Hivyo akirifreshi, fomu haitumwi tena na hatozwi mara mbili. Lakini "Asante, nafasi yako imehifadhiwa" lazima ivuke kutoka ombi la kwanza hadi la pili, ndipo flash inapoibeba. Ni sawa na kumpa konda wa Moshi–Arusha salamu: akishazifikisha, kazi yake imekwisha.

Salamu, lakini. Si mzigo. TempData anaipata anayeisoma kwanza, na kama ukurasa una kikengele cha taarifa mpya kinachouliza seva kila baada ya sekunde chache, kikengele hicho kinaweza kuisoma kabla ya mwenyewe. Tena katika ASP.NET Core, ASP.NET ya kizazi kipya, usipobadilisha kitu, TempData inakaa ndani ya kuki, na kuki moja ina nafasi ya baiti 4096 hivi. Nimeona watu wakisukumia humo orodha nzima ya wasafiri, halafu wanalaumu mtandao.

Uchaguzi wa mgeni, kwa maoni yangu, uandikwe kwenye hifadhidata mapema kama rasimu, na namba ya rasimu ikae kwenye anwani ya ukurasa. Kila kichupo kitakuwa na namba yake. Iwe ndefu isiyobahatishika, na seva ihakikishe mwenye rasimu ndiye anayeifungua. Kijana akalalamika kwamba hifadhidata itajaa takataka. Itajaa, ndiyo, zifagiliwe usiku zile zilizopitisha siku mbili. Uga uliofichwa kwenye fomu, yaani kisanduku ambacho mgeni hakioni, nao unafaa kubeba namba hiyo, ila si bei: yeyote anaweza kuibadilisha kabla ya kutuma.

Tulikesha mpaka saa sita usiku tukihamisha. Kwenye flash tukaacha sentensi moja tu ya kumkaribisha mgeni mlimani, na hata hiyo kijana aliiandika kwa herufi kubwa tupu, nikamwachia.