Radhi za mzazi hazimlipi binti pensheni

Kila mwezi ninapoikagua hati ya mshahara wangu hapa Ujerumani, nakutana na makato ya bima ya uangalizi, ile inayomsaidia mtu asiyeweza tena kuoga, kuvaa au kula peke yake. Makato hayo ni asilimia 3.6 ya mshahara, nayo tunagawana mimi na mwajiri. Ila kwa kuwa sina mtoto, naongezewa asilimia 0.6 ninayoibeba mwenyewe. Jambo hilo huniudhi, kwani natoka katika jamii inayomsimanga asiye na mtoto bila hata kuhitaji sheria. Hata hivyo, nayalipa kwa moyo mweupe kuliko mchango wowote wa ukoo.

Najua yupo anayejiandaa kuniambia kwamba nimekuwa Mzungu, na kwamba huku wazee hutupwa makaoni. Ndugu yangu, zaidi ya watu wanne kati ya kila watano wanaohitaji uangalizi Ujerumani hutunzwa majumbani, wengi wao na mwenzi, binti au mkwe, kama kwetu. Ila huku kazi ya huyo binti huhesabiwa. Mkaguzi hufika nyumbani, hupima mgonjwa anaweza nini na hawezi nini, kisha hupendekeza daraja, kuanzia la 1 hadi la 5. Kuanzia daraja la 2, familia inayojitunzia mgonjwa wake hupata kati ya euro 347 na 990 kwa mwezi, na mtunzaji anayetumia angalau saa 10 kwa wiki, ikiwa kazi yake ya ajira haizidi saa 30, huchangiwa pensheni na bima hiyo hiyo.

Kwetu mnajua wenyewe. Mama akipata kiharusi, kikao huitishwa, na bila mtu kutamka lolote macho yote humwelekea binti ambaye hajaolewa, au aliyeachika, au ambaye kibarua chake wenzake wanakiona si kitu. Sisi wa mbali tunatuma fedha za dawa na nepi na kudai picha kwenye kundi la familia. Mzazi akifariki, binti hubaki na radhi, akiwa na miaka hamsini, hana kazi wala akiba, na mgongo umeharibika kwa kumgeuza mgonjwa usiku. Mama wa mtoto mwenye ulemavu mkubwa ana hali ngumu zaidi, maana kazi yake haina siku ya kwisha.

Sisemi kwamba kwetu hakuna kitu. Zanzibar ilianzisha Pensheni Jamii mwaka 2016 kwa wazee waliofikisha miaka 70, bila kuuliza nani aliwahi kuchangia, na nilijivuna kuwasimulia hilo wenzangu kazini, ambao pensheni yao hutegemea michango. Wala Ujerumani si peponi: bima hulipa sehemu tu, na mkazi wa makao ya wazee kwa kawaida hutoa zaidi ya euro 2,000 kila mwezi, mpaka akiba yake iishe ndipo ustawi wa jamii uingilie kati.

Mtasema wao ni matajiri. Walikuwa matajiri muda mrefu kabla ya bima hii kuanza mwaka 1995, na ili ipite, karibu majimbo yote yalikubali kufuta sikukuu moja ya kidini ili kuwafidia waajiri. Mimi siiombi Hazina chochote kwa leo. Nawaomba wanaokaa vikao vya ukoo wamtengee mtunzaji kiasi cha kudumu kila mwezi, na wamchangie kwa jina lake katika mfuko wa hifadhi ya jamii unaopokea wanachama wa hiari.

Nimeshaulizwa: utamlipaje mtu kwa kumtunza mama yake mzazi, si matusi hayo? Swali hilo sijalisikia hata mara moja kutoka kwa binti anayetunza. Huulizwa na kaka zake.