Tengeneza mabomba kwanza, fanesi baadaye

Majira ya baridi yangu ya tatu hapa Kanada, chumba cha watoto kilinisumbua sana. Usiku mlango ukifungwa, asubuhi unawakuta wamejikunyata, blanketi mbili hazitoshi. Ukiachwa wazi, chumba kinavumilika. Na wakati huo fanesi, lile tanuri la gesi linalopasha nyumba nzima joto, inanguruma kule chini kama kawaida na sebuleni joto limejaa. Nikaita fundi. Akasoma lebo ya fanesi, akasema imezeeka, tuweke mpya ya ukubwa uleule wa BTU 100,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto), au tuongeze kidogo ili tusijute. Hakupanda ghorofani wala hakugusa hata moja la mabomba yanayopeleka hewa ya moto vyumbani.

Nilikuwa karibu kumkubalia, na najua wengi wetu tuliotoka Afrika Mashariki tungemkubalia. Tunaiogopa baridi kwa sababu hatukukua nayo, na mwenye hofu akiambiwa mashine kubwa ndiyo salama, haulizi mara mbili. Ndugu zangu, hapo ndipo tunapokosea, na nasema hivyo nikijua kwamba maarifa ya kutuokoa tulikuja nayo kutoka nyumbani.

Kwetu nyumba hujengwa hewa ipite. Kuna matundu juu ya madirisha, na dirisha hutazamana na dirisha au mlango. Hata asiyewahi kushika mwiko anajua kwamba chumba chenye dirisha moja hakipati upepo, hata nje uvume namna gani. Toboa ukuta wa pili uone. Hewa haiingii mahali kama haina pa kutokea. Huku nyumba imezibwa kila ufa, upepo hauruhusiwi, kwa hiyo ni rahisi kudhani kanuni za kule hazina kazi. Zina kazi sana. Tofauti ni kwamba huku upepo unasukumwa na feni iliyo ndani ya fanesi, unapita kwenye mabomba ya bati hadi vyumbani, kisha unatakiwa urudi kwa njia nyingine ukapashwe moto tena. Njia hiyo ya kurudi ndiyo inayosahaulika kuliko zote.

Chumba cha watoto kilikuwa na bomba la kuleta hewa, la kuirudisha hakina. Mlango ukiwa wazi, hewa ilirudi kupitia kwenye ujia. Ukifungwa, ilibaki nafasi ya upana wa kidole chini ya mlango, chumba kikajaa shinikizo, na hewa ya moto ikaacha kuingia. Ni lile dirisha moja la kwetu! Tuliweka tundu lenye wavu juu ya mlango, linalotokeza kwenye ujia, na usiku uleule chumba kilibadilika. Fanesi ilikuwa bado ni ile ya zamani.

Baada ya hapo nilianza kuyatazama mabomba mengine kwa jicho la mtu mwenye deni. Viungo vilikuwa vimeachana, na hewa iliyopashwa kwa gesi ninayoilipia ilikuwa inavujia kwenye chumba cha chini ya ardhi kabla ya kufika popote. Katika nyumba ya kawaida ya Marekani yenye mfumo huu, mpango wa serikali yao wa kuokoa nishati, Energy Star, unakadiria kwamba asilimia 20 hadi 30 ya hewa hupotea kwenye mabomba kwa matundu na viungo vibovu. Mabomba yakipita kwenye dari isiyopashwa joto, hewa hiyo unaipasha mbingu. Yakiwa ndani ya nyumba hasara ni ndogo zaidi, ila chumba cha mbali bado kinakosa haki yake.

Kuziba si kazi ya kutisha. Ile tepu ya kitambaa yenye rangi ya fedha, ambayo kwa Kiingereza ina jina la mabomba haya haya, duct tape, usiitumie. Mwaka 1998 watafiti wa maabara ya Lawrence Berkeley ya Marekani walijaribu vifaa mbalimbali vya kuzibia mabomba ya hewa kwenye joto na baridi, na tepu hiyo ndiyo iliyoshindwa vibaya. Kinachodumu ni mastiki, ile gundi nzito inayopakwa kwa brashi, au tepu ya karatasi ya alumini iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Nilimaliza ndoo moja kwa Jumamosi mbili. Mabomba laini yanayokunjika nayo yanyooshwe, yasining'inie kama kamba ya nguo, maana kila kona ni breki ya hewa.

Chujio nalo lina hila yake. Nilikuwa nikinunua lile lenye nyuzi zilizobana kuliko yote, la unene wa inchi moja, nikiamini nawalinda watoto na vumbi. Fundi wa pili, ambaye namshukuru mpaka leo, alitoboa vijitundu viwili akaingiza kipimo cha shinikizo. Shinikizo hili hupimwa kwa inchi za maji, na fanesi nyingi za nyumbani zimepangiwa zisizidi nusu inchi. Yangu ilisoma 0.9. Ilikuwa kama mtu anayekimbia huku amezibwa pua. Tukapanua bomba la kurudishia hewa na kuweka chujio la inchi nne, ambalo lina eneo kubwa la kupitisha hewa na bado linashika vumbi.

Mabomba yalipokaa sawa ndipo tukazungumza kuhusu fanesi mpya. Njia rasmi ya kujua ukubwa ni kukokotoa joto linalopotea kupitia kuta, madirisha na dari. Mafundi wa Amerika Kaskazini wana utaratibu wake uitwao Manual J, na mwingine wa mabomba uitwao Manual D. Mdai fundi hesabu hiyo. Lakini hata wewe unaweza kupima kwa saa ya ukutani. Katika usiku wa baridi kali kuliko yote, fanesi yangu iliwaka kama dakika 27 kwa kila saa. Ilikula BTU 100,000, na kwa ufanisi wa asilimia 80 ilitoa 80,000. Dakika 27 kati ya 60 ni asilimia 45, kwa hiyo nyumba ilihitaji BTU 36,000 tu. Na hiyo ndiyo mashine niliyoshauriwa kuiongeza ukubwa! Iliyozidi kipimo huwaka kwa kishindo, huzima upesi, kisha huwaka tena. Karibu na themostati, kile kifaa cha ukutani kinachoiwasha na kuizima fanesi, joto linatosha, vyumba vya mbali bado vinasubiri.

Nilichagua ya BTU 60,000 yenye ufanisi wa asilimia 96, inayotoa 57,600, na yenye hatua mbili za moto. Siku nyingi inabaki hatua ya chini, polepole na kwa muda mrefu. Kuhusu ufanisi, Kanada haituachii uchaguzi mpana: tangu Julai 2019 fanesi mpya za gesi za nyumbani hutakiwa kufikia asilimia 95. Hizi hupoza moshi mpaka mvuke wake ukawa maji, kwa hiyo zinahitaji njia ya kumwaga maji hayo na bomba la plastiki la kutoa moshi pembeni ya nyumba.

Hapo pana hatari ambayo kila anayebadilisha aiulizie. Kama hita ya maji ilikuwa ikitumia bomba moja la moshi na fanesi ya zamani, sasa inabaki peke yake kwenye bomba pana lililopoa, na moshi wake unaweza kurudi ndani. Kaboni monoksidi haina harufu. Yangu tuliwekea bomba jembamba ndani ya lile pana, na king'ora cha gesi hiyo kipo kila ghorofa.

Nilipokuwa nasoma haya yote nilikutana na jina la Alice H. Parker, mwanamke mweusi wa New Jersey aliyepewa hataza ya Marekani tarehe 23 Desemba 1919 kwa mfumo wa kupasha nyumba joto kwa gesi. Michoro yake ina mabomba yanayopeleka hewa sehemu mbalimbali za nyumba, kila sehemu ikidhibitiwa peke yake. Miaka zaidi ya 100 iliyopita alikuwa anafikiria chumba kimoja kimoja, na mimi nilikuja kuuziwa namba ya kwenye lebo.

Watoto sasa wanafunga mlango wakilala. Kimebaki chumba cha kona, ambacho bomba lake limepinda mara nne kabla ya kufika. Nimekwisha kulipima, na nitalinyoosha kabla Oktoba haijaisha.